Podikasti Yako Si Nil

Kila mwaka ikifika wiki ya mwisho ya Juni, saiba hujaa. Unampa jamaa PIN na nywila yako ya iTax, unamtumia mia mbili kwa simu, na baada ya dakika tano anakwambia, "Imeingia." Ritani ya mwaka mzima imejazwa: nil. Unatoka hapo roho ikiwa nyepesi, maana Juni 30 haijakupita na ile faini ya Sh2,000 haitakupata.

Kwa mwanafunzi aliyechukua PIN ili aombe mkopo wa HELB, na hajapata hata shilingi ya mapato, nil ni sawa kabisa. Lakini wengi wanaotuandikia kipindi hicho si wanafunzi tena. Ni watu wenye podikasti. Wana wadhamini wawili watatu, wana till ambayo wasikilizaji huchangia, na kila wiki wanalipa studio na edita. Swali lao huwa lile lile: "Nikiandika pesa za podikasti kwenye ritani, si KRA watanimaliza?"

Jibu letu ni kwamba kinachokumaliza ni hiyo nil. Kwanza, si kweli kwamba hukupata kitu, na kutoa taarifa ya uongo kwa mtoza ushuru ni kosa. Hilo unalijua. Ambalo huenda hulijui ni kwamba kwa wengi wenu nil ni kuwaachia serikali pesa ambazo ni zenu. Sisi ni kampuni ya malipo, hatujazi ritani za watu wala hatuuzi huduma hiyo. Tunaandika haya kwa sababu pesa hizo hupitia mikononi mwetu, na tumechoka kuona zikipotelea njiani.

Ile 5% ilienda wapi?

Mliagana na mdhamini akulipe Sh50,000. Zikaingia Sh47,500. Ukauliza, ukaambiwa, "Hiyo ni WHT." Ukanyamaza kwa sababu hukutaka kuonekana mshamba.

Huo ni ushuru wa zuio. Mswada wa Fedha wa 2023 ulikuja ukitaka wabunifu wa maudhui ya mtandaoni wakatwe 15%. Kelele zilikuwa nyingi, na sheria ilipopita kiwango kilikuwa kimeshuka hadi 5% kwa mkaazi wa Kenya, kuanzia Julai 1, 2023. Sheria yenyewe imetaja njia za mapato moja moja: matangazo, udhamini, kamisheni ya bidhaa ambazo wasikilizaji wako wanabofya, ada za uanachama, fulana zenye nembo yako, hata michango ya kufadhili kipindi maalumu. Podikasti imo humo ndani, hata kama wewe unaiita hobi.

Sasa hapa ndipo watu hukosea pande zote mbili. Kuna anayesema, "Nimeshakatwa, basi nimemaliza na KRA." Kuna anayesema, "Nimekatwa, pesa imeenda, hairudi." Wote wawili wamekosea. Kwa mkaazi wa Kenya, hiyo 5% si ushuru wa mwisho. Ni kama rubuni uliyoweka. Mwisho wa mwaka unapiga hesabu ya ushuru wako halisi, unaondoa kile ulichokatwa, na kinachobaki ndicho unacholipa. Ukikuta ulikatwa zaidi ya deni lako, ziada ni yako na una haki ya kuidai.

Na ona vile inavyokatwa: kwenye pesa zote, kabla ya gharama. Mdhamini hajui kwamba kati ya zile Sh50,000 ulilipa studio, edita na intaneti ukabaki na Sh12,000. Yeye anakata 5% ya Sh50,000. Njia pekee ya kuieleza KRA habari ya hizo gharama ni ritani. Ukijaza nil, umenyamaza, na rubuni yako inabaki huko huko.

Mdhamini akishakata, ana siku 5 za kazi kupeleka pesa hizo KRA, na cheti cha makato kinatokea kwenye iTax chini ya PIN yako. Kitafute. Kama hakipo, mpigie mdhamini mapema, si Juni 28. Cheti kisipokuwepo itakuwa vigumu kudai kitu ambacho KRA hawana habari nacho.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Tuseme podikasti ndiyo kazi yako ya pekee, huna mshahara popote. Mwaka mzima wadhamini wamekulipa jumla ya Sh600,000 kabla ya makato, na wote ni kampuni zilizokata 5%. Kwa hiyo KRA tayari wana Sh30,000 zako.

Ukiandika mapato bila gharama yoyote, hesabu inaenda hivi. Sh288,000 za kwanza zinatozwa 10%, ambayo ni Sh28,800. Sh100,000 zinazofuata ni 25%, Sh25,000. Zilizobaki, Sh212,000, ni 30%, yaani Sh63,600. Jumla Sh117,400. Toa nafuu ya kibinafsi ya Sh28,800 ambayo kila mkaazi hupata, zinabaki Sh88,600. Toa Sh30,000 ulizokatwa. Unadaiwa Sh58,600. Tunakubali, hapo hata sisi tungetamani kurudi saiba tukajaziwe nil.

Lakini podikasti haijitengenezi. Tuseme unatoa vipindi viwili kwa mwezi. Studio ni Sh3,000 kwa kila kipindi, kwa mwaka Sh72,000. Edita wa sauti ni Sh4,000 kwa kipindi, Sh96,000. Intaneti ya kazi, laini ambayo haitumiki kwa mambo mengine, ni Sh1,500 kwa mwezi, Sh18,000. Kampuni ya nje inayohifadhi vipindi na kuvisambaza kwenye programu za kusikilizia inakula Sh24,000 kwa mwaka. Na ulinunua laptopu ya kazi kwa Sh80,000.

Laptopu haitolewi yote kwa mara moja, maana ni mali itakayokufaa miaka kadhaa. Sheria inakuruhusu kutoa 25% ya bei kila mwaka kwa miaka minne, kwa hiyo mwaka huu ni Sh20,000. Meza na viti vya studio vinaenda polepole zaidi, 10% kwa mwaka. Wengi husahau kwamba hiyo laptopu inaendelea kukufaa mwaka wa pili, wa tatu na wa nne. Iandike mahali.

Jumla ya gharama: Sh230,000. Faida yako, ambayo ndiyo inayotozwa ushuru, si Sh600,000 tena bali Sh370,000. Ushuru wake: Sh28,800, jumlisha 25% ya Sh82,000 ambayo ni Sh20,500. Toa nafuu ya Sh28,800, unabaki na Sh20,500. Na KRA wameshika Sh30,000 zako.

Kwa hiyo huwadai wewe: Sh9,500.

Mtu yule yule na podikasti ile ile. Bila gharama anadaiwa Sh58,600, na gharama zikiingia anarudishiwa Sh9,500. Tofauti ni Sh68,100, ambayo ni karibu mwaka mzima wa studio. Na aliyejaza nil? Hakulipa, ndiyo, ila Sh30,000 zake amezisamehe, na juu ya hapo ana ritani ya uongo yenye jina lake kwenye mfumo ambao tayari una vyeti vya wadhamini wake. KRA walitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 mapato na gharama unazoandika zinalinganishwa na rekodi za eTIMS, za ushuru wa zuio na za forodha. Ile siku ya kujificha nyuma ya nil huku wadhamini wamekutaja, imepita.

Kama umeajiriwa mahali na podikasti ni ya jioni, hesabu yako ni tofauti kidogo. Viwango vya chini, vile vya 10% na 25%, mara nyingi mshahara umeshavimaliza, na nafuu ya kibinafsi mwajiri ameshaitumia. Faida ya podikasti inaangukia kwenye 30% moja kwa moja. Maana yake kila Sh1,000 ya gharama halali unayosahau kuandika inakugharimu Sh300. Na podikasti ikipata hasara, huwezi kutumia hasara hiyo kupunguza ushuru wa mshahara. Unaisongeza mbele ikangoje faida ya podikasti yenyewe.

Ujumbe wa simu si ankara

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo kampuni kama yetu hazipendi kulisema.

Tumewazoesha Wakenya kwamba ule ujumbe wa "Imethibitishwa" ndio mwisho wa maneno. Mtu akikataa kwamba umemlipa, unamwonyesha simu. Kwa mama mboga na kwa kondakta unatosha. Ndiyo maana watu wengi hutujia Juni wakiomba taarifa ya akaunti ya mwaka mzima wakidhani wakishaipata wamemaliza kazi. Tunawapa, ni haki yao, lakini tunajua itawasaidia nusu tu.

Taarifa yetu inaonyesha kwamba tarehe fulani Sh4,000 zilitoka kwako zikaenda kwa mtu fulani. Haionyeshi kwa nini. Inaweza kuwa ya edita, inaweza kuwa chama, inaweza kuwa umemtumia binamu nauli. Tangu Januari 1, 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki, ile ya eTIMS, haikubaliki kupunguza faida yako, isipokuwa zile chache zilizoachiliwa. Si kwamba itapunguzwa kidogo. Inafutwa.

Rudi kwenye mfano wetu, ufute edita peke yake. Sh96,000 zimeondoka kwenye gharama kwa sababu hakukupa ankara. Faida inapanda hadi Sh466,000, ushuru unakuwa Sh48,400 baada ya nafuu, na ukiondoa zile Sh30,000, sasa wewe ndiwe unayedaiwa Sh18,400. Ankara za mtu mmoja ambazo hukuomba zimekugharimu Sh27,900. Na pesa zake ulimlipa kweli. Tunaweza hata kushuhudia, tarehe na saa, na ushuhuda wetu hautakusaidia.

Kusema ukweli, sheria hii ina ukali kwa podikasti kuliko kwa biashara nyingine. Mwenye duka la jumla ananunua kwa kampuni zenye mashine za ushuru. Wewe unafanya kazi na kijana mliyesoma naye chuoni, mwenye laptopu na sikio zuri, ambaye hajawahi kutoa ankara maishani. Unamwombaje? Unahisi kama unamchongea. Yeye anahisi kama umemletea KRA mlangoni. Tunaelewa kwa nini wengi wenu huamua kunyamaza na kumtumia tu pesa.

Lakini hebu mweleze hesabu yake pia. Kama hizo Sh96,000 ndizo mapato yake yote ya mwaka, 10% yake ni Sh9,600, na nafuu ya kibinafsi ni Sh28,800. Ushuru wake ni sifuri. Hakuna anachopoteza kwa kutoa ankara, ila muda wa kuibofya. Eti akitoa ankara atakamuliwa, hiyo ni hofu ya hewa, angalau kwa kiwango hicho cha pesa. Hata akikuambia, "Basi ongeza kidogo kwa usumbufu," ukamwongezea 10%, umetoa Sh9,600 ili uokoe karibu Sh28,000, na hizo za nyongeza nazo ni gharama.

Kutoa ankara kwenyewe hakuhitaji mashine. eTIMS Lite ipo kwa *222# kwenye simu yoyote, hata kabambe, na ipo pia kwenye eCitizen. Na tangu mwisho wa Desemba 2024 kuna njia nyingine ambayo hatuoni ikitangazwa vya kutosha: mwenye biashara ndogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi Sh5 milioni, mnunuzi ndiye anaweza kutengeneza ankara kwa niaba yake. Yaani wewe unaandaa ankara ya kazi ambayo edita amekufanyia, yeye anaikubali, basi. Anachohitaji ni PIN tu, na kama aliwahi kuomba HELB, anayo.

Tunashauri mpangilio mmoja tu: ankara kwanza, pesa baadaye. Si kwa ubaya. Mwandikie, "Bro, kazi ni safi, nitumie ankara kwa PIN hii nikutumie sasa hivi." Ukishatuma pesa, hamu ya mtu kukutafutia ankara huisha. Hiyo tumeiona kwa wateja, na tumeiona kwetu wenyewe.

Kampuni ya nje inayohifadhi vipindi vyako haina eTIMS, na haihitajiki kuwa nayo. Huduma za kampuni isiyo na makao Kenya ni mojawapo ya zilizoachiliwa. Hapo tunza ankara wanayokutumia kwa barua pepe pamoja na rekodi ya malipo. Hapo taarifa yetu angalau ina kazi.

Usiwe mroho

Kuna upande wa pili. Mtu akishagundua kwamba gharama zinapunguza ushuru, ghafla kila kitu kinakuwa gharama ya podikasti. Viatu. Saluni, kwa sababu siku hizi kipindi kinarekodiwa kwa video. Chakula cha mchana, kwa sababu "tulikuwa tunapanga msimu wa tatu."

Sheria ya Ushuru wa Mapato inasema gharama iwe imetumika yote, na kwa ajili hiyo pekee, kutengeneza mapato. Nguo zako, chakula chako, saluni na nauli ya kutoka nyumbani kwenda kazini ni maisha yako. Usizitie. Faini nazo hazimo, na ushuru wenyewe si gharama.

Kodi ya nyumba ndiyo hutuletea maswali mengi zaidi, maana podikasti nyingi nzuri za Nairobi zilianza kwenye bedsita, maiki chini ya blanketi ili gari za nje zisisikike. (Ya kwetu ya chuo ilikuwa hivyo, na blanketi lilikuwa la mwenzetu ambaye hakuwa na habari.) Kitanda kikiwa humo ndani, chumba hicho ni nyumba. Kikiwa ni chumba cha pekee ambacho hakifanyi kazi nyingine, na una ankara ya kodi yake, hapo una la kuzungumza na mhasibu. Vinginevyo achana nayo. Studio ya kukodi ya Sh3,000 yenye ankara ni bora kuliko mabishano ya nusu ya bedsita.

Kwa sababu hiyo hiyo ya "pekee," tunawasihi mtenganishe laini. Podikasti iwe na till yake na intaneti yake. Mdhamini alipe huko, edita na studio walipwe kutoka huko, na pesa unayojitumia ya kula itoke huko mara moja kwa mwezi kama mshahara wako, ingawa haihesabiwi kama gharama. Tunajua inaonekana kama tunajipigia debe. Ni kweli tunapata ada, na ada hizo za kupokea malipo ya biashara ni gharama ya biashara pia. Kwenye mfano wetu hatukuziweka ili tusionekane tunajihesabia. Hata ukienda kwa mshindani wetu, tenganisha. Mwaka ujao hutakaa usiku kucha na kalamu ukiuliza ile Sh2,500 ya Machi ilikuwa ya nini. Rekodi hizo zinatakiwa zikae miaka mitano, na kumbukumbu ya mtu haikai hata mitano ya miezi.

Ukivuka milioni

Mauzo yako ya mwaka yakizidi Sh1 milioni na yasipite Sh25 milioni, unaingia kwenye ushuru wa mauzo ghafi, TOT, ambao kwa sasa ni 3% na hulipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Wengi huupenda kwa urahisi wake. Tatizo ni kwamba hauna habari na gharama zako: 3% ya kila kilichoingia, uwe umepata faida au hasara.

Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna kwamba unachagua ushuru wa kawaida. Uchague upi? Chukua mauzo ya Sh1.5 milioni. TOT yake ni Sh45,000. Kwa ushuru wa kawaida, kama podikasti ndiyo mapato yako ya pekee, utalipa kiasi hicho faida ikiwa karibu Sh455,000. Ukibaki na chini ya hapo baada ya gharama zenye ankara, ushuru wa kawaida ni nafuu. Ukibaki na zaidi, TOT ni nafuu, na tofauti ni kubwa: faida ya Sh900,000 ingekutoa Sh178,600. Podikasti yenye watu wanne na kamera tatu haifanani na ya mtu mmoja na simu, kwa hiyo usiige alichofanya mwenzako. Na kumbuka ada za ushauri na za kitaalamu haziingii TOT. Kama podikasti inakuletea kazi za kufundisha kampuni, hizo zina hesabu yake. Hapa mlipe mhasibu saa moja. Akupe ankara.

Ambaye yuko chini ya milioni, na ndio wengi wenu, hana haja na haya yote. Uko kwenye ushuru wa kawaida, ule unaoruhusu gharama. Kumbuka tu kwamba ushuru wako wa mwaka ukizidi Sh40,000 kuna malipo ya awamu, mwezi wa Aprili, Juni, Septemba na Desemba, tarehe 20.

Nil za miaka iliyopita

Swali la mwisho, ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini. "Na kama nimekuwa nikijaza nil tangu 2023?"

Ritani inaweza kurekebishwa. Sheria inakupa miaka mitano ya kuomba kurekebisha uliyoijaza mwenyewe. Ingia iTax, angalia vyeti vya ushuru wa zuio vya kila mwaka, ujumlishe. Kisha kusanya ankara ulizonazo. Ukikuta unadaiwa, kuna riba ya 1% kwa mwezi na adhabu ya 5% ya ushuru uliochelewa, na kila mwezi unaongojea unaongeza. Ukikuta wewe ndiwe unayedai, dai la kurudishiwa nalo lina miaka mitano, halafu linakufa.

Ya mwaka huu usiingoje wiki ya mwisho. Taarifa ya till yako ya Januari hadi Desemba iko tayari kwenye programu yetu, sehemu ya Taarifa, bila malipo. Ifungue leo jioni, na kila jina unalolijua kwamba ni la studio, edita au mpiga picha, andika pembeni kama ana ankara au hana. Wale wasio nazo wapigie wiki hii, kabla hawajasahau kwamba walikufanyia kazi.